Nyota Inayonyamaza na Marudio ya Mama

Mimi sina tabia ya kukubali kushindwa. Kwa hiyo msimamizi wangu aliponirudishia tasnifu ya uzamili kwa mara ya pili, nilipanda basi kwenda Katoro kwa mama nikiwa nimenuna njia nzima. Nilikuwa nimepewa wiki tatu. Nikikosea tena, masomo yameishia hapo.

Nilikuwa nachunguza pulsa, yaani kiini cha nyota iliyokufa, kinachozunguka kwa kasi huku kikimwaga mawimbi ya redio. Kila mzunguko, darubini inapokea pigo moja. Ila pulsa yangu ilikuwa na vituko: inapiga, inapiga, halafu kimya dakika kadhaa, kisha inaanza tena. Msimamizi alitaka nieleze kile kimya. Mimi nilikuwa nimeshakikata chote kwenye data, nikiamini ni hitilafu ya mitambo.

Mama ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku ananikagua uso. Nikamweleza yote kwa hasira, nikipaza sauti kuishinda injini.

"Sasa hicho ulichokata kiko wapi?"

"Ni kimya, mama! Hamna kitu mle."

"Wewe, umesoma mpaka umechanganyikiwa? Na mimi marudio yangu niyatupe?"

Marudio ni unga wa mawe unaobaki baada ya dhahabu kuoshwa. Katoro hakuna mwenye akili anayeutupa. Unachenjuliwa tena kwa dawa kutoa dhahabu iliyobakia, na kuna watu wamejengea nyumba. Nilijisikia mjinga kweli kweli.

Nikajifungia chumbani, nikafungua vile vipande nilivyovikata. Nilijumlisha maelfu ya mizunguko ya kimya, sikupata hata mnong'ono. Lakini mapigo yaliporudi, yaliangukia palepale yalipopaswa kuwa kama mzunguko haukukatika. Jamani, nyota haikusimama hata kidogo! Redio tu ndiyo iliyozimika. Wataalamu wengi wanaona kwamba mkondo wa chembe zenye umeme juu ya ncha za sumaku yake hubadilika au hukatika, na bila huo hakuna redio. Zipo pulsa zinazozima kwa siku nyingi, na zikiwa zimezima, mzunguko wake hupungua kasi taratibu zaidi, maana mkondo huo ni breki pia. Nikaandika sura nzima upya.

Siku ya kuitetea tasnifu nilisimama kifua mbele. Mmoja wa jopo akauliza, "Na kinachokata huo mkondo ni nini?"

"Sijui," nikamjibu. "Na hapa hakuna anayejua."

Wakanitoa nje. Waliponiita tena, msimamizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa mkono.

Nikampigia mama palepale, nikamsimulia yote. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, kisha akauliza:

"Na hicho kinachoizima nyota yako, umekijua?"

"Bado, mama."

"Sasa unashangilia nini? Rudi shule."