Maji ya Nyamisati

Hajira wa masjala hakuwa mtu wa wivu, na hilo alilisema mwenyewe kila alipopata wa kumsikiliza. Mume wake alipooa mke wa pili kule Janga, yeye ndiye aliyesimamia jikoni siku ya harusi, na pilau lake likasifiwa Visiga nzima. Watu walidhani ana moyo wa jiwe. Hawakujua kwamba wivu wote aliojaliwa alikuwa ameuweka mahali pamoja tu, kwa shoga yake Yosefina.

Yosefina, au Mama Agape, alikuwa muuguzi, mtu wa Matombo aliyeletwa Kibaha na kazi akaganda. Yeye na Hajira walikuwa na ugonjwa mmoja, kuangalia ndege. Mwanzoni waliwachekesha watu, maana si kawaida wanawake wazima wawili kusimama kando ya Barabara ya Morogoro wakimkodolea macho ndege mmoja aina ya chozi juu ya ua. Baadaye waliowacheka wakaanza kuwafuata, kikawa kikundi cha wapenda misitu na bahari, kikapata na mwenyekiti, Mzee Sospeter, mwalimu mstaafu ambaye raha yake kubwa duniani ni kufungua vikao na kuvifunga.

Kikundi kilikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa. Safari haitangazwi mpaka watu wawili watangulie kuionja njia: walale gesti ile ile, wale kwa mama ntilie yule yule, wapande chombo kile kile. Miaka yote watu hao walikuwa Hajira na Yosefina, na kwa Hajira kuonja njia ndiyo iliyokuwa safari yenyewe. Ile ya baadaye, yenye watu na makelele, aliivumilia tu. Yosefina alibeba chupa ya chai ya tangawizi, nao wakanywea kifuniko chake kwa zamu, Hajira akianza. Hakuna mwingine aliyewahi kunywea kifuniko kile. Hata Agape, mtoto wa kumzaa, alipewa kikombe.

Kazi waligawana. Barabara na malazi vilikuwa vya Yosefina, maji yalikuwa ya Hajira. Alizaliwa Kisarawe, lakini likizo zote za utoto alizimalizia Kisiju kwa bibi yake, mwanamke aliyeishi kwa kuokota chaza na ambaye mwezi ndio uliokuwa saa yake. Kwa hiyo Hajira alijua bila kufikiri kwamba mwezi ukiwa nusu, asubuhi maji yamejaa, na ukiwa mpevu, asubuhi hiyo hiyo yamekauka na hayarudi mpaka alasiri. Alimweleza Yosefina mara nyingi. Yosefina akachoka, akasema yeye ni mtu wa milimani, ya maji amemwachia mwenyewe.

Ndipo akaja Stellamaris. Alihamia Kisarawe akitokea Arusha, alikofanya kazi kwenye hoteli za watalii, na alikuja na darubini shingoni, gari dogo jeupe na kicheko kilichowafanya watu wazima wajipange karibu naye. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hakuwa na ubaya. Alimwita Hajira dada, akamsalimia kwa adabu, akamsifia vitumbua. Angekuwa na kiburi kidogo tu, Hajira angepumua.

Mwaka huu kikundi kilitaka kwenda Mafia kumwona papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote. Njia ingekuwa kupitia Kisarawe na Mkuranga hadi Nyamisati, kisha boti mpaka Kilindoni. Jumamosi moja Hajira akiwa ofisini na wakaguzi, simu yake ikalia. Ilikuwa picha. Yosefina na Stellamaris wamekaa bega kwa bega kwenye boti, maji yamejaa mpaka yanagusa matawi ya mikoko, na katikati yao chupa ya chai. Hajira aliivuta picha kwa vidole viwili aone kifuniko kiko wapi. Kilikuwa juu ya chupa, kimefungwa. Hata hivyo roho ilimuuma mpaka akamwekea mkaguzi jalada silo.

Yosefina alipita kwake kesho yake kumweleza. Alijua Hajira ana wakaguzi, hakutaka kumsumbua, na Stella alikuwa na gari. Maelezo yalikuwa mazuri na ya kweli. Lakini Hajira alisikia neno moja tu, hilo Stella, jina lililokwishakatwa katikati na kuzoewa kinywani. Alitabasamu, akamkaribisha chakula.

Kwenye kikao Stellamaris alipendekeza Jumamosi inayofuata. Mwezi utakuwa mpevu, alisema, jioni watakaa ufukweni Kilindoni pakiwa peupe kama mchana. Boti inatoka saa tatu asubuhi, wao wameiona kwa macho yao. Watu wakapiga makofi. Jioni ile Yosefina akampigia Hajira simu, akimwita kwa jina la mwanawe kama siku zote.

"Mama Mudathir, tarehe umeionaje? Maji vipi?"

Hajira hakuhitaji kuhesabu. Aliiona boti imekaa juu ya tope, na Stellamaris amesimama mbele ya watu hana pa kuuficha uso.

"Sawa tu," alisema. "Si mmeshaonja wenyewe?"

Alipokata simu alijiambia kwamba hakusema uongo. Wiki ile alikuwa mchangamfu mpaka wenzake wa masjala wakamuuliza amepata nini. Alhamisi akaanza kufunga zile siku tatu za katikati ya mwezi wa Kiislamu, mwezi unapokuwa mpevu, sunna ambayo hakuwahi kuiacha tangu mama yake afariki. Ijumaa akafunga. Jumamosi nayo akaamka kula daku kama kawaida, akapanda kwenye kosta ya dereva Twalibu, akakaa kando ya Yosefina kabla mtu mwingine hajafika hapo. Stellamaris walimpitia Kisarawe. Alipanda akicheka, akakosa kiti cha mbele, akaenda nyuma. Hajira aliiona njia nzima kuwa nzuri sana.

Nyamisati walikuta boti imekaa juu ya tope. Maji yalikuwa mbali, mstari mwembamba nyuma ya mikoko iliyobaki na mizizi nje. Nahodha aliwaangalia kwa huruma, akasema maji yatarudi alasiri, na kwamba mtu angempigia simu angemwambia. Kilindoni chakula cha mchana kilikuwa kinawasubiri, na mashua ya kwenda kwa papa potwe vilevile.

Mzee Sospeter alikasirika. Hakupaza sauti, alitumia ile ya darasani, ambayo ni mbaya zaidi. Alisema hii ndiyo hasara ya mtu wa bara kuwapangia watu bahari. Stellamaris alisogea pembeni akishika darubini yake, macho yamejaa machozi. Hajira alisikia utamu ukimpanda kifuani, utamu alioungojea wiki nzima, naye hakuuonea haya.

Yosefina akasimama. "Mzee, usimlaumu Stella. Yeye alitaka kumpigia simu nahodha, mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia Mama Mudathir ameshasema maji sawa, na Mama Mudathir akishasema, sisi hatuulizi mtu mwingine."

Watu wakamgeukia Hajira. Utamu ulimkatika kifuani. Kumbe kiti chake kwa Yosefina hakikuwa kimechukuliwa na mtu, siku zote hizo kilikuwa kitupu kikimsubiri. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alipitiwa, hesabu zilimchanganya. Wakamsamehe papo hapo. Mzee Sospeter hata akamtania kuhusu umri. Hali ikatulia, watu wakatawanyika ukingoni, maana ndege walikuwa wameshuka kwa makundi kuokota kaa kwenye tope, wengi kuliko walivyowahi kuwaona, na simu zote zilikuwa hewani zikipiga picha.

Yosefina alikuja na chupa. Alifungua kifuniko, akamimina chai, akakinyoosha kama miaka yote.

"Anza wewe, shoga. Usijali, yameshapita."

"Nimefunga," alijibu Hajira. Mdomo ulijisemea kwa mazoea.

Yosefina alianza kujilaumu kwa kusahau, kisha akahesabu siku. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea uji wa futari siku hizo kila mwezi. Alizijua kama anavyojua zamu zake za wodini.

"Leo mwezi una siku ngapi, Hajira?"

Ulikuwa muda mrefu tangu amwite kwa jina. Hajira aliangalia tope.

"Kumi na tano."

"Na juzi ulipoanza kufunga ulijua. Na siku niliyokupigia ulijua."

Yosefina alibaki amesimama na kifuniko mkononi, chai ikitoa mvuke, kama mtu anayetafuta pa kuweka kitu. Kisha akageuka, akatembea mpaka kule alikosimama Stellamaris peke yake, akampa. Stellamaris, asiyejua lolote, alikipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akakirudisha ili kijazwe tena.

Hajira alikaa juu ya begi lake kusubiri maji.