Platini za Baba, Shamba la Mama

Jumapili asubuhi uani kwetu, Misugusugu, palinukia petroli. Baba alikuwa karani wa ofisi mjini Kibaha, na siku yake ya mapumziko aliitumia kuisafisha pikipiki, akiifuta kwa kitambaa kilicholowa petroli kidogo hata mahali ambapo mimi sikuona uchafu wowote. Ilikuwa pikipiki ya zamani yenye tangi jekundu, aliyoachiwa na baba yake, mzee aliyehamia Kibaha kutoka bara kabla sijazaliwa. Umeme wake ulikuwa wa volti sita, na taa ya mbele ilitoa mwanga hafifu wa manjano usiofika mbali. Ndani ya injini mlikuwa na platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi ipate cheche. Maji yakiingia humo, pikipiki inazima papo hapo, na utapiga kiki mpaka uchoke. Baba alilijua hilo vizuri. Wingu likitanda tu, aliifunika turubai, akachukua mwavuli na kwenda kazini kwa miguu.

Msimu ninaoukumbuka ni wa masika, nikiwa darasa la tano. Mama yangu alizaliwa Kurui, huko ndani Kisarawe, na marehemu babu alimwachia shamba la mikorosho na mihogo ambalo alikwenda kulilima kila msimu. Siku moja mwanamke wa huko aliyekuja kuuza mihogo kando ya barabara alipita nyumbani, akakataa hata maji ya kunywa, akamwambia mama kwamba kaka yake, Mjomba Selemani, waliyechangia naye baba tu, amepata mteja wa shamba hilo kutoka Dar es Salaam. Mjomba alikuwa akiwaambia watu kwamba mama ameolewa mjini na shamba amelitupa. Serikali ya kijiji ilikuwa imeitisha kikao Jumamosi, na mwenye madai alitakiwa afike mwenyewe. Gari pekee lililokwenda upande ule lilikuwa limesimamisha safari kwa sababu barabara ilijaa maji. Mjomba alilijua hilo.

Jioni ile, tukiwa kwenye mkeka tunakula, mama alisema bila kuinua sauti, “Baba Tatu, Jumamosi nitaichukua pikipiki.”

“Kwenye maji yale? Itakuzimikia hata Mzenga hujafika.”

“Ndiyo maana nataka tuzitoe platini, tuweke CDI.”

Baba aliacha kutafuna. Alimtazama mama kama mtu aliyetukaniwa mzazi. “Ile ni pikipiki ya marehemu baba. Ukiibadilisha, siyo ile tena.”

“Na lile ni shamba la marehemu baba yangu,” mama alijibu. “Likiuzwa, halipo tena.”

Baba alinawa mikono, akaondoka. Nadhani usiku ule alijuta kwamba, mwaka wao wa kwanza wa ndoa, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mama kuendesha, wakizunguka uwanja wa mpira huku watu wakiwacheka.

Fundi wa jirani alikataa kuigusa, akiogopa ugomvi na baba. Basi mama alikwenda kwa shoga yake, Bi Zuhura, aliyekuwa na kibanda cha vipuri vya pikipiki palepale barabarani. Bi Zuhura alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kucheka mpaka machozi yanamtoka, lakini alipoelezwa habari ya shamba hakucheka. Alikuwa na vifaa vilivyotolewa kwenye pikipiki ya aina ileile, ila ya toleo jipya zaidi: sumaku pamoja na sahani yake ya nyaya, koili, na kile kiboksi cheusi cha CDI kinachofanya kazi ya platini bila kitu chochote kugusana. Baba alipokwenda kazini, wanawake wale wawili waliisogeza pikipiki barazani, maji yakitiririka kutoka kwenye bati, wakaifungua. Sumaku ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania, ikatoka kwa kelele iliyowakurupua kuku. Walifunga sahani mpya, wakaficha kiboksi chini ya kiti, wakaweka betri ya volti kumi na mbili na balbu ya kuendana nayo. Zile platini za zamani mama alizifuta vizuri, akaziweka kwenye kisahani dirishani.

Alipopiga kiki mara ya kwanza, injini ilirudisha teke. Chuma cha kiki kilimgonga muundini, ngozi ikachanika, damu ikatiririka mpaka kwenye kandambili. Mimi nilianza kulia.

“Shoga, acha! Utavunjika mguu!” Bi Zuhura alipiga kelele.

“Mguu wangu huu,” mama alisema. “Cheche inawahi. Lete bisibisi.”

Alilegeza sahani, akaizungusha kidogo mpaka alama yake ikakutana na alama ya kwenye injini, akaikaza. Kisha akafunga kidonda kwa kipande cha khanga na kupiga kiki kwa mguu uleule. Pikipiki iliwaka. Muungurumo wake haukuwa na vile vikohozi tulivyovizoea, na taa ilimulika ukuta wa jirani kwa mwanga mweupe. Bi Zuhura alipiga kigelegele, majirani wakachungulia kujua nani anaolewa.

Baba aliporudi alizichukua platini dirishani, akazitia mfukoni. Ijumaa nzima hakusema na mtu, isipokuwa wakati wa kulala. “Ikikuzimikia, usinitafute.”

“Sitakutafuta,” mama alisema.

Jumamosi tuliondoka alfajiri, mimi nyuma nimemshika kiuno, mvua ikitupiga usoni. Tulifika Mlandizi, tukakata kuingia njia ya udongo. Mahali pamoja kijito kilikuwa kimepanda juu ya barabara, na wanaume kadhaa wenye baiskeli walisimama wakisubiri maji yapungue. Mmoja alituonya, “Mama, hapo utazima!” Mama aliingia polepole, akishikilia mafuta palepale. Maji yalifika kwenye injini, mvuke ukatufunika, nikasikia miguu yangu ikipoa huku mapaja yakiungua kwa joto. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa ng'ambo, na injini bado inaunguruma.

Kikao kilifanyika Kurui, kwenye darasa la shule ya kijiji. Mjomba alipotuona tumelowa chapachapa alipepesa macho, lakini hakukosa maneno. “Mwenyekiti, huyu kaja leo kwa sababu ya kikao tu. Shamba halijui.”

“Shikamoo kaka,” mama alisema kwanza. Mjomba hakuitikia. Mama akamgeukia mwenyekiti. “Mama yangu mzazi amezikwa katikati ya ile mikorosho, na kaburi lake nalipalilia mwenyewe. Muulizeni kaka, huyo mteja anauziwa na kaburi?”

Wazee wawili waliomzika bibi walisimama, wakasema maneno ya mama ni kweli. Shamba likabaki kwake. Mjomba hakusema naye tena mpaka alipofariki, na najua jambo hilo lilimuuma mama.

Tuliporudi, baba alikuwa amesimama kando ya barabara na mwavuli wake. Habari ya kikao hakuiulizia. “Ilizima?”

“Haikuzima.”

Wiki kadhaa zilipita kabla sijamwona, asubuhi moja ya mvua, akimwomba mama ufunguo aende nayo kazini.

Siku hizi vijana wa bodaboda wanaendesha pikipiki zilizotoka kiwandani na CDI tayari, na hakuna anayejua kwamba kuna mtu aliwahi kutoka damu kwa ajili ya kiboksi hicho. Malori ya makontena yanapishana kuelekea bandari kavu ya Kwala, na bei ya ardhi imepanda mpaka huko kwetu ndani. Wanunuzi hawangoji tena mafuriko. Wanakuja kiangazi, na viatu safi, na karatasi tayari za kutia sahihi. Shamba mama amenikabidhi mimi. Sheria inanitambua, naambiwa, na ni kweli. Lakini juzi mmoja alinikuta Kurui nikilima, akauliza kama anaweza kuzungumza na mume wangu. Nilimwambia mume wangu yuko kazini na shamba si lake. Akatabasamu, akauliza basi nataka bei gani. Nilimtazama mpaka tabasamu likaisha, nikainua jembe, nikaendelea na tuta langu.