Chakula cha Kuachwa Mlangoni

Kabla korona haijafika Busia, Taaka alijulikana sana na watu wa aina moja tu, madereva wa malori. Kibanda chake kilikuwa pembeni mwa uwanja wa trela, upande wa Uganda, na dereva aliyetoka Mombasa na njaa yake alijua pa kwenda. Mwenyewe ni Msamia, mzaliwa wa Sikuda. Aliolewa mapema, akamzaa Shallon, kisha mumewe akaenda Tiira kuchimba dhahabu, akaahidi kurudi tajiri. Miaka imepita mingi. Shimo lenyewe lazima ni refu sana.

Basi korona ikaja, tukaambiwa kila mtu akae kwake. Madereva, ambao mji mzima ulikuwa unakula kwa jasho lao, wakageuka kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Wale wale waliokuwa wakiyakimbilia malori na soda na vocha za simu, sasa wakiona lori wanakimbilia ndani. Kibanda kikafungwa. Taaka akabaki na sufuria zake kubwa, gunia la mkaa, na mikono isiyojua kukaa bure.

Akaanza kuwapikia wazee. Redio ilikuwa imewaonya wazee wasitoke nje hata kidogo, neno jema kabisa, ila redio ikasahau kusema watakula nini huko ndani. Akina mama wa soko la mtaa wa Sofia walimpa nyanya zilizolegea na mihogo iliyobaki, jirani akatoa unga, na Edwin Odwori, mwendesha boda mwenye watoto wanne na pikipiki moja, akajitolea kubeba. Sheria za siku zile mnazikumbuka. Boda ilikatazwa kubeba binadamu, ikaruhusiwa kubeba mizigo. Mkungu wa ndizi ulipanda pikipiki kwa raha zake, mwenye mguu uliovimba akatembea. Kwa hiyo kila mchana watu wa Sofia walijionea: sufuria mbili zimeketi nyuma ya Edwin kama mabibi harusi, na mpishi mwenyewe anazifuata mbio kwa miguu, leso kiunoni, akimeza vumbi lao.

Kazi ikaenda vizuri. Ndipo kamati ikaiona.

Walikuja watu wa heshima. Mwenyekiti alikuwa Nathan Mangeni, mwenye duka la mabati na misumari. Kulikuwa na makamu wake, msemaji, mlezi, na mshauri wa mlezi. Mtu wa kumenya mihogo ndiye hakupatikana. Walishona fulana za manjano zenye picha ya sahani inayofuka mvuke, na mjane mmoja aitwaye Akumu akapigwa picha akipokea bakuli moja, akirudisha, akipokea tena, mpaka mchuzi ukaganda. Kamati nayo ilihitaji nguvu za kuwafikiria wazee, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba sufuria ya kwanza kila siku iende ofisini kwao, yaani chumba cha nyuma cha duka la Mangeni.

Halafu Mangeni akatoa kanuni. Chakula kiwekwe mlangoni. Mgawaji agonge. Mgawaji aondoke kabla mlango haujafunguliwa, asiongee na mtu. Taaka hakubisha. Ugonjwa ulikuwa unaua kweli, watu wanazikwa na wageni waliovaa kama wanakwenda mwezini, na yeye cheti chake cha shule kilimtosha kusoma bei ya sukari tu. Alitii. Aliweka, akagonga, akakimbia, nyumba baada ya nyumba, kama mtoto anayechokoza majirani.

Sasa, kati ya nyumba hizo kulikuwa na ya Mzee Oboth. Huyu ni Mjapadhola wa Tororo, aliyekuja Busia kumwona mwanawe dereva. Alikuja kwa siku chache, wilaya zikafungwa yumo humu, na mwana yuko kwenye foleni ya Malaba upande wa Kenya, ile foleni ambayo mkia wake haukuwa na habari za kichwa. Mzee akabaki peke yake katika chumba cha kupanga. Majirani waliamua kwamba baba wa dereva ana korona. Hakupimwa na mtu, lakini majirani wa Sofia hawahitaji maabara.

Katika taarifa za kamati, Mzee Oboth ndiye aliyesifiwa kuliko wote. Sahani yake ilikutwa kila siku mlangoni, safi, imelambwa hata chembe haikubaki. Msemaji alimtaja kwenye kipaza sauti kama mfano wa shukrani.

Siku moja kamba ya ndala ya Taaka ilikatika akiwa ndiyo kwanza amekimbia kutoka mlango huo. Akachuchumaa kwenye kona aifunge. Kutoka hapo akaona mbwa wa rangi ya kahawia anakuja, bila haraka, kama mtu aliyelipa kodi ya mwezi. Mbwa akala ule ugali wa posho wote, akala samaki, akaramba sahani, akaketi kidogo kushusha. Mlango haukufunguliwa.

Taaka aliiacha ndala. Alirudi mpaka dirishani, akaita. Pazia likasogea, na uso aliouona ulikuwa umebaki mifupa na macho. Mzee, ilikuja kujulikana, alikuwa anaishi kwa chai kavu na mahindi makavu aliyomletea mwanawe. Anayakaanga, anayafyonza, maana meno ya kuyatafuna yalishamuaga zamani.

"Mzee, chakula nakuletea kila siku. Kwa nini hauli?"

"Wewe ndiye unaweka?" Sauti ilikuwa nyembamba lakini bado ilikuwa na ukali wake. "Mimi ni mzee, binti, si mjinga. Mtu analeta chakula, anapiga mlango, halafu anakimbia. Anakimbia nini?"

"Korona, Mzee."

"Korona nasikia kwa redio. Mtu wa kuweka chakula na kukimbia, huyo namjua tangu sijavaa suruali."

Taaka hakuona kwamba ameonewa. Mzee alisema kweli tupu. Taaka mwenyewe, ungemwekea chakula mlangoni ukatimua mbio, angekifukia kwa jembe na jembe akalitupa. Pale kibandani hakuna dereva aliyepewa sahani kabla hajamwona Taaka anachota kwa mwiko, anaonja, anameza. Mamake alifanya hivyo, na nyanyake. Hakuna anayefundishwa kwa sababu hakuna asiyejua. Na ajabu ni kwamba kamati nzima ilijua pia. Watu wazima, wenyeji wa hapa hapa, walikaa wakatunga kanuni ya kuwatendea wazee kile ambacho hapa hufanywa na mtu mwenye sumu, wakapiga makofi.

Akarudi kwenye pikipiki, akashusha sufuria mpaka uani. Akageuza beseni, akaketi mbali na dirisha, akavua barakoa.

"Angalia, Mzee. Nakula."

Akachota. Dirisha likamzuia. "Si huko pembeni. Pembeni kila mtu anajua kuacha pasafi. Chukua katikati."

Akachukua katikati.

"Na mchuzi. Na samaki, pale karibu na kichwa. Meza. Fungua mdomo nione."

Akafungua mdomo, mwanamke mwenye miaka arobaini na ushei, mbele ya Edwin aliyekuwa anang'ata fulana yake asicheke. Taaka akauliza kama sasa inatosha. Mzee akasema bado, wangoje kidogo, waone kama ataanguka. Wakangoja. Kwa kupitisha muda, mzee alisema Wasamia humpika samaki mpaka anasahau ziwa, na Taaka akajibu kwamba kwa Wajapadhola, wasio na ziwa, hata samaki angekuja angekufa kwa upweke. Alipoona bado yu mzima na mdomo wake ndio umezidi uzima, mzee akafungua mlango, akachukua sahani yake, akala amesimama mpaka akamaliza.

Kutoka hapo mambo yakafunuka. Akumu naye, yule wa picha, alikiri kwamba bakuli lake humwaga chooni. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alikuwa analisha kuku. Taaka akawa anaketi katika kila ua, mbali, anaonja, anangojewa aanguke, haanguki, wanakula. Wazee wakaanza kurudiwa na mashavu. Na Taaka, katikati ya njaa ya mji mzima, anakula mchana mmoja mara nane, akanenepa vizuri sana.

Mnaona inakoelekea. Kuna mtu alimpiga picha kupitia uzio: hana barakoa, shavu limejaa, sufuria ya wazee katikati ya miguu yake. Picha ikazunguka kwenye simu na maneno chini yake, kwamba kuna watu wanakula kwa mgongo wa wazee, tazameni kiuno kile. Aliyesambaza kwa bidii kuliko wote alikuwa mshauri wa mlezi.

Mangeni akatuma neno. Afike mbele ya kamati mchana, kueleza kwa nini asiondolewe katika ugawaji, mahali pake pachukuliwe na mtu anayefuata kanuni. Na aje na chakula cha kamati kama kawaida.

Njia nzima Taaka hakuiwazia aibu ya picha. Alimwaza Oboth, na mtu mwingine mwenye fulana ya manjano anayeweka sahani na kutimua mbio, na yule mbwa. Mzee hakuwa na mwili wa kupoteza mara ya pili.

Alifika na sufuria ya samaki wa karanga. Akaiweka mlangoni kwa kamati. Akagonga. Akavuka barabara, akasimama ng'ambo, mikono nyuma.

Mangeni alifungua, akaitazama sufuria, akamtazama yeye. "Mama Shallon, mbona huingii?"

"Kanuni, Mwenyekiti. Chakula ndicho hicho."

Sufuria ikaingizwa. Harufu ilikuwa nzuri, Edwin anasema aliisikia mpaka kwenye pikipiki. Dakika zikapita, na vijiko havikusikika. Humo ndani waliketi watu watano wenye njaa, na mbele yao chakula kilichopikwa na mwanamke waliyemwita kumfukuza. Makamu akasema yeye amefunga. Msemaji akakumbuka tumbo linamsumbua tangu asubuhi. Mlezi akamwambia mshauri aanze, na mshauri akasema hawezi kumtangulia mlezi.

Mwishowe Mangeni akatoka tena, amevuta barakoa kidevuni.

"Mama Shallon. Njoo basi uonje kidogo."

"Na maski je?"

"Simama hapo mlangoni tu. Si lazima uingie."

Akaja, akachota katikati bila kuambiwa, akameza, akafungua mdomo waone. Walimtazama koo. Kisha sufuria ikafagiliwa, na picha haikutajwa. Jioni kipaza sauti kilitangaza kwamba kamati, baada ya utafiti wa kina, imebuni utaratibu mpya wa kuonja kwa umbali unaofaa, na mshauri wa mlezi amejitolea kuwa mwonjaji mkuu. Alifanya kazi hiyo siku moja. Wazee walimuuliza kama ndiye aliyepika, akasema hapana, wakafunga milango mpaka Taaka aliporudi.

Siku ile ya kamati, Taaka alifika kwa Oboth amechelewa sana, anahema, ametayarisha maneno ya kuomba radhi. Mzee alikuwa amekwisha kutoka, ameketi kizingitini. Taaka akapakua, akasogeza sahani kwa umbali wake, akageuza beseni, akavua barakoa ili aanze. Alipoinua mwiko akaona mzee tayari ametia tonge mdomoni, na lingine lipo mkononi.

"Mzee, sijaonja."

"Nitakungoja mpaka lini?" akasema, akimeza. "Kaa, kula yako. Leo umezidisha chumvi."

Akakaa, akala.