Nani Alimpiga Nani Mtoni

Mwanamume akikosa kazi hupata la kubishania. Nililijua hilo enzi za Mjerumani, nilipokuwa nauza uji wa mtama karibu na stesheni ya Morogoro. Reli ilikuwa bado ngeni, na watu walitoka vijijini kuja kulitazama gari la moshi kama wanaokuja kutazama harusi. Mimi mwenyewe nilikuwa bi harusi wa juzijuzi, nimeteremka kutoka mlimani na chungu changu na kata yangu ya kuchotea uji, nikidhani mjini watu hufanya kazi. Thubutu! Mjini watu hubishana.

Na ubishi wenyewe ulikuwa mmoja tu: ni ushindi gani wa ngumi uliokuwa mkubwa kupita wote tangu dunia iumbwe. Kila asubuhi walikaa juu ya magogo ya kuni za gari, bakuli mkononi, wakaanza. Katekista wa misheni, ambaye alipaswa kuwa njiani kwenda kufundisha, alileta habari ya kijana mchunga kondoo aliyeliangusha jitu.

"Lile jiwe, mwalimu! Jiwe si ngumi!" wakamzomea.

Kesho yake akarudi na yule aliyekamatana na malaika mpaka alfajiri.

"Hiyo mieleka! Hapa tunazungumza ngumi!"

Maskini, alikesha akitafuta ngumi kwenye Kitabu, na watoto wa mafundisho wakakaa bure wakimngoja.

Lakini ushindi uliorudi kila siku kama deni la nduguyo ulikuwa wa mume wangu. Yeye alikuwa Mluguru mwenzangu, mkata kuni wa reli, na alidai kwamba aliwahi kumpiga ngumi moja mtani wake Mnyamwezi pale Mto Morogoro, jamaa akatumbukia majini kichwa chini. Mtani naye alikuwapo hapo hapo kwenye gogo. Alikuwa mpagazi wa zamani ambaye gari la moshi limemnyang'anya mizigo, mabega yamebaki hayana kazi. Naye alidai kinyume chake: yeye ndiye aliyepiga, na mume wangu ndiye aliyetumbukia. "Tena alilia akimwita mamaye," alimalizia kila siku, akinyoosha bakuli niongeze uji.

Mimi nilikuwapo siku ile, nafua. Kila mmoja alirusha ngumi, kila mmoja akakosa, wakateleza kwenye tope wakaanguka pamoja. Nani aliniuliza? Ushahidi wa mwanamke ungeharibu mazungumzo.

Sasa wewe uliyezaliwa juzi huenda hujui. Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Mtani ataingia nyumbani mwako bila hodi, atakula ugali wako, atakuita mbwa mbele ya wakwe zako, nawe utacheka. Ukifa atakuja msibani kumfanyia maiti mzaha, na wafiwa watamshukuru. La mtani halipelekwi barazani, na mtani hashitakiwi. Ndiyo maana ubishi ule haukuwahi kufika kwenye ugomvi. Ulikuwa ndio urafiki wao, ingawa ukiwaambia hivyo wangekutukana wote wawili.

Basi asubuhi moja gari likaingia, na mtia moto wake akaruka chini kabla halijasimama, uso mweusi kwa masizi, meno nje. Amesikia Dar es Salaam, kwa mabaharia, kwamba huko Marekani mtu mweusi amepigana ngumi na mzungu, uwanjani, mbele ya watu, na amemshinda.

"Amempiga mzungu?" akauliza mume wangu.

"Kampiga! Kampiga mzungu chali!"

Loo! Kelele zilizopigwa pale sijapata kuzisikia tena. Katekista alirusha kofia. Mume wangu na mtani wake walikumbatiana, wakarukaruka, wakaimba, "Kampiga mzungu! Kampiga mzungu!" Mume wangu, kwa kuwa hakuweza kumwachia mtu mwingine sifa kwa muda mrefu, akaanza kuonyesha hewani jinsi ngumi ilivyokwenda. Mtu angedhani alikuwako huko Marekani. Mdomo huponza kichwa, lakini siku ile mikono ndiyo iliyoponza.

Maana askari mmoja wa boma alikuwa anapita. Alisikia kwamba kuna mzungu amepigwa, akamwona mume wangu akionyesha alivyopigwa. Hakuuliza. Alikimbia.

Huko bomani wazungu wa mji wakaitwa, wakatazamwa nyuso. Mmoja wao, msimamizi wa reli, alikutwa na jicho limevimba kama embe bovu. Kila mpishi mjini alijua kwamba bwana yule alianguka ngazi za baraza lake baada ya kunywa. Lakini mzungu mkubwa wa boma alipomuuliza kama amepigwa, aliona haya kusema ameshindwa na ngazi. Akanyamaza. Na mzungu akinyamaza, Mwafrika ndiye anayejibu.

Wakaja kumchukua mume wangu. Nilifuata nyuma na kanga yangu ina uji. Aliyempiga mzungu enzi zile alitiwa mnyororo akiwa na bahati, na asipokuwa na bahati alitiwa kamba shingoni. Nilikuwa hata sijamzoea mume yule. Alikuwa anakoroma na anajisifu, na nilimtaka arudi nyumbani akorome na ajisifu.

Barazani mzungu mkubwa alikaa mezani, na akida akasimama pembeni kutafsiri. Akauliza: ni kweli huyu ndiye bingwa wa ngumi hapa Morogoro? Wale wote wa kwenye magogo, waliokula uji wangu miezi wakimwita simba, walitazama chini. Katekista alikuwa ghafla na ibada misheni.

Ndipo mtani alipopenya katikati ya watu.

"Huyu?" akasema, akacheka. "Bwana, huyu hata kuku akimtazama vibaya anampisha njia. Mimi nilimpiga mtoni kwa mkono mmoja, akalia akimwita mamaye. Amwezaye mzungu awe huyu? Mkewe mwenyewe humpiga!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikalia kwa furaha, nikapiga magoti nikasema ndiyo, bwana, humpiga, kila siku humpiga. Nani angejali aibu saa ile?

Sasa akida alikuwa mtu wa pwani. Utani aliujua vizuri kuliko sisi. Lakini alisimama karibu na meza ya Mjerumani, na karibu na meza ile watu husahau mambo. Akatafsiri maneno bila kicheko chake. Na utani ukiingia kwenye Kijerumani hutoka ushahidi: huyu mpagazi amekiri kwamba yeye ndiye apigaye watu. Askari wakamwachia mume wangu, wakamshika mtani.

Mume wangu alikuwa huru. Mlango ulikuwa wazi. Nilimshika mkono, nikamvuta.

"Uongo!" akapiga kelele. "Hajapata kunipiga huyu! Mimi ndiye niliyempiga yeye!"

"Nyamaza, mtani," mtani akamwambia kwa sauti ndogo. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema naye bila mzaha.

"Sinyamazi! Nilimpiga mimi! Andika, bwana!"

Kama alifanya vile kumwokoa mwenzake au kushinda ubishi, nilimuuliza mpaka siku alipokufa. Jibu lake lilikuwa moja: "Kwani si nilimpiga?"

Mzungu mkubwa akachoka. Msimamizi wa reli, macho chini, akasema kulikuwa na giza, hakuona vizuri. Basi ikaamriwa hamsa ishirini kila mmoja, viboko ishirini na tano, kwa kosa la kelele, na yule yule askari aliyepeleka habari ndiye aliyevua koti akapiga.

Niliwalaza wawili wale kifudifudi kwenye mkeka wetu, nikawapaka mafuta ya nyonyo. Walibishana nani aliyelia kwanza. Niliwatukana nikilia, wakanicheka, na kucheka kukawauma.

Asubuhi nilibeba chungu nikaenda stesheni, kwa kuwa waliopigwa nao hula. Wanaume walikuwa kwenye magogo yao. Kisha akaja askari yule. Wakampisha gogo zima.

"Leo hambishani?" akauliza.

"Hatubishani, bwana."

Akaja akainama mbele yangu, bakuli mkononi, uso wake juu ya chungu, karibu hata nikaona jasho kwenye masharubu. Uji wa mtama ukitoka motoni haumwagiki kama maji, unang'ang'ania ngozi. Kata yangu ilikuwa imejaa. Nilimchukia mtu yule mpaka meno yakaniuma. Kwenye magogo hakuna aliyekunywa. Wote waliutazama mkono wangu.

Nikamimina bakulini.

"Tia pilipili manga," akasema.

Nikamtilia.