Wiki ya Kura Darasa la Pili

Mimi mtoto akibadilika ghafla simshangilii. Namchunguza. Ndivyo nilivyo, na wenzangu shuleni hapa Buswahili wameshanizoea.

Binti mmoja wa darasa langu la pili alikuwa akija leo, kesho hayupo, yuko na mbuzi. Nilipomfuata nyumbani Jumapili, bibi yake alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema shangazi wa mtoto huko Bunda anatafuta wa kumlelea mtoto wake. "Huyu shule haipendi, mwalimu. Alikuwaga anajificha kwenye mihogo. Wiki hii simwambii neno. Akikosa siku hata moja, anaenda Bunda. Akienda siku zote mwenyewe, basi nimekosea mimi." Niliondoka pale nimekasirika. Mtoto wa miaka minane akalee mtoto!

Jumatatu alikuja, amechelewa. Somo lilikuwa la kuchagua viongozi, nikawaambia kwamba Ijumaa tutapiga kura, tupate kiranja wa darasa. "Na asiyekuja wiki nzima hapigi kura," nikaongeza, huku namtazama yeye.

Akainua kichwa. "Tunapiga wote, mwarimu?"

"Wote."

Jumanne nilimkuta mlangoni kabla ya kengele. Jumatano alifuta ubao bila kutumwa. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Mtoto wa kukimbia shule, leo anafuta ubao? Nikawaza labda bibi kamtisha. Nikawaza labda anautaka ukiranja, maana hata siasa za wakubwa huanzaga hivyohivyo, mtu haonekani, halafu ghafla anafagia kila mahali. Alhamisi akanifuata ofisini kuuliza kama kura ni ya kiranja peke yake. Nikamwambia kura ni ya kila mtu. Akacheka peke yake, akaenda zake. Nikasema moyoni, hapa kuna kitu.

Ijumaa alikuja na mfuko wa plastiki, akauficha chini ya dawati. Niliufungua mbele yake. Ndani kulikuwa na sahani imeoshwa, imefungwa na kipande cha kanga. "Umeiba wapi?"

"Ya nyumbani, mwarimu."

Sahani ya nini, na shuleni kwetu hakupikwi? Wazazi walikataa kuchanga mahindi, wakisema walimu tutayala sisi. Sikumwamini, lakini muda ulikuwa unakwenda, nikamrudishia.

Wengi wao hawajaweza kuandika majina vizuri, kwa hiyo nilipanga kila mmoja apewe punje moja ya mahindi, aitumbukize kwenye kopo la anayemtaka. Nilichagua mahindi makavu kwa makusudi. Karanga wangezimaliza. Nikagawa, nikasema, "Haya, hiyo ndiyo kura yako." Wakapita mmoja mmoja.

Nilipohesabu, punje moja haikuwepo. Nikahesabu tena. Nikafunga mlango, maana wizi wa kura siuvumilii hata kwa watoto. "Nani hajatumbukiza?"

Halafu nikasikia meno yanasaga kitu kigumu, kule nyuma.

"Kura yako iko wapi?" nikamuuliza yule binti.

Akameza kwanza, kwa shida. "Nimeikura, mwarimu." Akatoa ile sahani, akaiweka juu ya dawati. "Zile zingine zinariwaga saa ngapi?"

Darasa likacheka. Mimi nikakaa kwenye dawati la mbele. Mimi ni wa Buhare, nyumbani nilizaliwa katika maneno hayohayo, na bado sikusikia. Watu wa hapa ugali wanaukura. Nilikuwa nimemwambia mtoto mwenye njaa kwamba akija wiki nzima, Ijumaa atakura, na wote watakura, na kura ni ya kila mtu. Akaja. Nililia, na sikujificha.

Mchana bibi alifika mwenyewe, amesimama na fimbo yake nje ya darasa. Nikamwamkia.

"Marahaba. Amekuja siku zote?"

"Siku zote, bibi."

Akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, jicho la mtu anayenunua ng'ombe mnadani. "Huyu namjua. Mmempa nini?"

Ningeweza kusema anapenda kusoma. Lakini yule bibi angeunusa uongo hata kutoka mbali kule Mugeta. "Punje moja ya mahindi," nikasema. "Alidhani kura ni chakula."

Bibi hakucheka. "Asubuhi huwa tunamwachia chai ya rangi," akasema polepole. "Ikiwepo." Kisha akamshika mkono. "Jumatatu atakuja. Bunda wasubiri."

Jumatatu nilishuka kwenye bodaboda na mfuko wa unga wa uji. Mwalimu mkuu, naye mtu wa kushuku kama mimi, akauliza ni wa nini.

"Wa kura," nikamjibu, nikaenda kutafuta kuni.