Tatu Kubwa Kuliko Nane

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Ghaniya alifundisha darasa la kwanza pale bondeni, chini ya mlima, na hakuna mtoto aliyewahi kumbishia kwamba nane ni kubwa kuliko tatu, mpaka alipokuja Raya. Kitoto cha miaka sita, meno mawili ya mbele hakina, lakini kwa ubishi wakili haoni ndani.

Ajabu ni kwamba kwenye grafu Raya hakuwa na mpinzani. Watoto walibandika ukutani vipande vya karatasi, kila mmoja kwa tunda alipendalo: tende vipande tisa, komamanga vinne, maembe viwili. "Tende zimeyapiga komamanga kwa vitano," Raya alisema, wenzake bado wanahesabia vidole. Lakini mwalimu akichora mstari wa namba ubaoni, mambo yaliharibika. Tatu na nane, ipi kubwa? Tatu. Moja na kumi? Moja. Tena bila wasiwasi hata kidogo.

Mkaguzi, Ustadhi Nabhani, alikwisha kuyasoma majibu hayo. Jumapili, juma la shule likianza, angekuja na fomu ya kumhamishia Raya shule ya mjini, ya watoto wazito wa kujifunza, saa nzima ndani ya basi kila asubuhi. Ghaniya alikasirika, na zaidi alijikasirikia mwenyewe. Mtoto aliyeiona ile tano kwa kutupa jicho tu hawezi kuwa mzito. Kuna kitu ambacho yeye mwalimu alikuwa hajakielewa.

Jumamosi asubuhi akamfuata Raya nyumbani. Babu yake Raya, Mzee Hamyari, ndiye mgawa maji wa kijiji, mpanga zamu za kumwagilia mashamba, na Ghaniya aliwakuta wote wawili kando ya mfereji, penye nguzo ya kupimia kivuli. Mawe yamepangwa mstari kutoka mbali kuja kwenye nguzo. Jua likipanda kivuli hupungua, na kila kikifikia jiwe, zamu ya mtu imekwisha.

"Karibu, mwalimu! Umekuja kunywa kahawa au kumshitaki mjukuu wangu?"

"Yote mawili, mzee."

Mzee akacheka, akamsogezea kikombe na sahani ya tende. Raya hakuwa na habari na mgeni. Alikuwa amechuchumaa, macho ardhini.

"Babu, jiwe la tatu! Bi Shinuna basi, maji yake yamekwisha!"

"Raya, mwanangu," Ghaniya akauliza, "tatu na nane, ipi kubwa?"

"Mwalimu nawe! Kwani huoni?" Akanyoosha kidole. Kivuli kilichofika jiwe la tatu kilikuwa kirefu kumshinda yeye. "Kikifika la nane kitabaki hivi tu," akasema, akapima kwa viganja vyake.

Ghaniya akaweka kikombe chini. Aibu na furaha vilimjia kwa pamoja, asijue aanze na kipi.

"Kweli kabisa," akasema. "Kivuli cha tatu ndicho kikubwa. Lakini kikifika la nane, watu wangapi watakuwa wamepata maji?"

"Wanane."

"Na sasa hivi?"

"Watatu." Akayatazama mawe, moja baada ya jingine. "Aaa! Kumbe wewe unauliza watu!"

"Nauliza watu."

"Si ungesema tangu mwanzo, mwalimu? Umetuchosha bure."

Mzee Hamyari alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu.

Jumapili Ustadhi Nabhani aliketi mbele ya darasa, fomu mezani, kalamu mkononi.

"Raya. Sita na mbili, ipi kubwa?"

Raya aliutazama mstari, akamtazama mkaguzi.

"Ya kuhesabu au ya kivuli?"

"Kivuli gani tena? Ya kuhesabu."

"Sita. Imezidi kwa nne."

Mkaguzi akamuuliza mengine matano, naye akapata yote.

"Sasa zamu yangu, ustadhi," Raya akasema. "Saba na mbili, ipi kubwa?"

"Saba, bila shaka."

"Umekosa," akamwambia kwa upole, kama anayempa mtu pole. "Hukuuliza ya nini."

Darasa zima likaangua kicheko. Ghaniya alitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi akaikunja fomu, akaitia mfukoni, akavuta kiti cha kitoto na kuketi karibu na Raya, magoti yakimfika kifuani.

"Haya, mwalimu wangu," akasema. "Nifundishe hiyo ya kivuli."