Firigisi Iliyochezewa Dadu

Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mkwe aliyekuja kutembea. Kwa hiyo nilipofika na mke wangu ukweni Kabambare kwa pikipiki, vumbi la njia nzima likiwa masikioni, nilijua firigisi ile ni yangu. Lakini shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akatoa ubao wa bakgamoni, ule mchezo wa kete na dadu, ambao binamu yao mfanyabiashara aliuleta kutoka Dubai. Mchezo wenyewe nilimfundisha mimi.

"Firigisi ya bure haina ladha," akasema. "Tuichezee. Ao unaogopa?"

"Nimwogope mwanafunzi wangu?"

Kuku akiwa bado jikoni, mchezo ulikaribia mwisho. Nikatupa dadu mbili, zikatoa tatu na moja. Kete yake moja ilikuwa imesimama peke yake upande wangu, na yangu moja ilikuwa peke yake hatua moja tu kutoka pale. Ni rahisi, utaona. Kwa ile moja ningeweza kumpiga. Au kwa ile tatu ningeleta kete nyingine ikae na mwenzake, maana kete mbili zikikaa pamoja hazipigwi.

Moyoni nilikwisha kuchagua usalama. Ila siwezi kuona mtu anajifunza nikanyamaza.

"Tazama, shemeji. Kama ningekupiga, ningefanya hivi." Nikasogeza kete yangu hatua moja, nikatoa yake nje, na ile tatu nikaicheza kwingine. "Sasa mimi niko peke yangu hapa. Ukitaka kurudi ndani na kunipiga, lazima utupe nne." Nikainua mkono, nikamwonyesha vidole vinne.

"Umeachilia!" akaruka. "Umeachilia mkono!"

Sheria ya pale ni hiyo: kete ukishaiachilia, imekaa.

"Lakini nilikuwa ninaeleza!"

"Eleza tu, mwalimu. Kete iko imekaa."

"Imekaa!" mke wangu akaitikia toka jikoni. "Hata kwetu nyumbani anaelezaka mpaka wali unaungua!"

Shemeji akapuliza dadu, akatupa. Nne na mbili.

"Ulisema ngapi vile?"

Kete yangu ikarudi kuanza safari upya, na yeye akamaliza zake zote akiimba.

Wali ulipoletwa, firigisi ikawekwa kwenye sahani yake. Akaitia mdomoni nzima.

"Sasa, shemeji," akasema huku shavu limevimba, "ile njia ya pili ingekuwaje?"

Lilikuwa swali zuri sana. Nikamweleza yote, hatua kwa hatua. Muda ulitosha, maana firigisi haitafuniki haraka.